Gari Linatengenezeka, Lakini Bima Imekataa

Fundi wa bodi pale Kimilili akikwambia gari lako linatengenezeka, mwamini. Amenyoosha yaliyopondeka kuliko hilo na yakarudi kubeba watu hadi Chwele na Kapsokwony. Wiki mbili baadaye kampuni ya bima inakuandikia kwamba gari lilo hilo ni raitofu, kwamba itakulipa thamani yake na kulichukua. Mwenye gari hujiona amechezewa. Lakini fundi na kampuni hawajapingana, maana hawakuulizwa swali moja. Fundi aliulizwa kama chuma kitanyooka. Kampuni ilijiuliza njia ipi itaitoa pesa kidogo zaidi, na katika hesabu yake imo tarakimu moja ambayo mwenye gari haonyeshwi kwa kawaida: bei ambayo mtu mwingine yuko tayari kulipa kwa hayo mabaki.

Tuchukue mfano wa kubuni ambao mkazi yeyote wa huku ataukubali. Toyota Fielder ya mwalimu, yenye bima kamili ya Sh1,200,000, inatoka Kitale usiku kwa barabara ya Webuye. Karibu na Kamukuywa inalivaa kwa nyuma trela la miwa lisilo na taa wala viakisi. Dereva anatoka mzima. Ajali inaripotiwa polisi ndani ya saa 24 kama Sheria ya Trafiki inavyotaka, abstrakti inatolewa, brekdauni inalivuta gari hadi gereji ambayo kampuni imeikubali. Hapo ndipo mtathmini, au asesa kama wengi wanavyomwita, anapoingia.

Huyu si mfanyakazi wa gereji. Ameandikishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, chini ya Sheria ya Bima, Sura ya 487. Kazi yake ni kueleza kilichoharibika, gharama ya kukirekebisha, thamani ya gari kabla ya ajali na thamani ya mabaki yake. Anayemlipa ni kampuni ya bima. Hilo halimfanyi mwongo, ila ni vizuri likakumbukwa.

Mtathmini anayeijua kazi yake hapotezi muda kwenye bampa. Bampa, boneti, taa na redieta ni vitu vya kufungua na kufunga, na bei zake zinajulikana. Anachotafuta ni mifupa. Fielder haina chasisi ya ngazi chini yake kama Hilux. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, miguu na abiria. Kwa hiyo anafungua boneti na kupima kwa tepu kutoka kona moja ya mbele hadi kona ya pili iliyo mkabala nayo kwa mshazari, halafu anapima mshazari wa pili. Vipimo viwili vikitofautiana, pua ya gari imepinda. Anatazama pale shokomzoba ya mbele inapofungwa kwa juu, kama rangi imepasuka mistari myembamba, dalili kwamba bati chini yake lilikunjika kisha likarudi. Anafungua mlango wa mbele na kuufunga polepole. Ukisugua juu, nguzo ya kioo imesogea. Anainua zulia la dereva kutafuta makunyanzi kwenye sakafu. Mwisho anauvuta mkanda wa kiti. Mkanda uliojifunga wakati wa ajali na haurudi tena ni wa kubadilishwa, na haununuliwi kwa bei ya bampa.

Trela ndilo linaloifanya ajali hii iwe mbaya hivyo. Mkia wake uko juu. Gari dogo likiingia chini yake, mihimili ya mbele iliyotengenezwa kupokea kishindo haipokei kitu. Kishindo kinapita juu yake na kugonga boneti, kioo na nguzo za paa. Gari lililogongana na gari dogo mwenzake kwa mwendo huohuo lingeweza kuonekana bovu zaidi na bado liwe rahisi kutengeneza.

Sasa karatasi ya makadirio. Tuseme spea na kazi vimefika Sh540,000, pamoja na mifuko ya hewa miwili iliyolipuka na kompyuta yake. Mwenye gari anapiga hesabu na kufurahi: nusu ya 1,200,000 ni 600,000, tuko chini. Lakini gereji iliyo kwenye orodha ya kampuni hutoza kodi ya VAT, asilimia 16, nayo ni Sh86,400. Jumla inakuwa Sh626,400. Kodi peke yake imelivusha gari mstari.

Mstari huo wa nusu unatoka kwenye mkataba. Katika soko la Kenya, asilimia 50 ya thamani ndiyo inayotajwa zaidi, ingawa mikataba mingine huweka juu kidogo, na ndiyo maana kila mtu asome wake. Nchini Marekani majimbo yenyewe hutunga sheria juu ya jambo hili: Oklahoma huweka asilimia 60, Texas huacha hadi gharama ifikie thamani yote ya gari. Majimbo mengine, California mojawapo, hayatumii asilimia kabisa. Yanajumlisha gharama ya matengenezo na thamani ya mabaki. Jumla ikipita thamani ya gari, gari limekwisha. Naona hesabu hii ya pili ni ya kweli zaidi, kwa sababu inaandika wazi kile ambacho kampuni yoyote yenye akili inakifanya hata pale mkataba unapotaja nusu.

Turudi kwa Fielder. Mtathmini anaandika kwamba soko siku ya ajali lingeipa Sh1,050,000, si zile 1,200,000 zilizoandikwa bima ilipokatwa. Mabaki yanatangazwa kwa zabuni na mnunuzi mmoja anatoa Sh450,000. Eksesi, ile sehemu anayojilipia mwenye gari, tuiweke kando. Kampuni ikilipa thamani na kuuza mabaki, imetokwa na Sh600,000. Ikitengeneza, imetokwa na Sh626,400, na bado haijui kitakachoonekana bodi ikifunguliwa: giaboksi iliyopasuka sikio, waya zilizokatika nyuma ya dashibodi. Makadirio hupanda gari likifunguliwa, ni nadra kushuka. Raitofu inashinda. Lakini badilisha tarakimu moja tu. Mnunuzi wa mabaki angetoa Sh380,000, kuliandika gari raitofu kungegharimu Sh670,000, na matengenezo yangekuwa nafuu kwa zaidi ya elfu arobaini. Hakuna bati lililonyooka wala kupinda zaidi kati ya hesabu hizi mbili.

Kwa nini basi mabaki yapate bei hiyo? Kwa sababu fundi wa Kimilili alisema kweli. Anayenunua anajua mahali pa kupata nozikati, pua nzima iliyokatwa kutoka gari lililotumika Japani, yenye boneti, redieta na taa zake. Anajua mafundi wa jua kali ambao malipo yao ya siku hayakaribii ya gereji kubwa. Hanunui spea mpya moja moja, na risiti ya VAT hamwumizi kichwa. Gari linapewa bei nzuri kwa sababu linatengenezeka, na hiyo bei nzuri ndiyo inayoifanya kampuni isilitengeneze. Mwenye gari anapaswa kulielewa hili kabla ya kugombana na mtu.

Serikali nayo ina mkono wake. Julai 2023 ushuru wa kuingiza magari ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, na Januari 2024 dola ilifika karibu Sh160 kabla ya kushuka hadi takriban Sh130 mwaka huohuo. Magari ambayo tayari yalikuwa barabarani yalipanda thamani bila kuguswa. Gari likipanda thamani, nusu yake inapanda pia, na gari ambalo ajali ingelimaliza miaka michache kabla sasa linaweza kutengenezwa. Ila spea nazo hununuliwa kwa dola, na mabaki nayo hupanda. Kwa hiyo mwenye kukata bima kwa thamani aliyoiandika miaka mitatu iliyopita, bila kulipeleka gari likathaminiwe upya, anacheza na moto.

Moto wenyewe uko hivi. Ukiandikisha gari la 1,200,000 kwa 800,000 ili ada ishuke, umejiwekea mstari mfupi: nusu ya 800,000 ni 400,000 tu. Mikataba mingi pia humwona aliyepunguza thamani kuwa amejiwekea bima theluthi ya gari mwenyewe, hivyo hasara ya Sh300,000 hulipwa Sh200,000. Ukiongeza thamani kupita kiasi hupati faida; unalipa ada kubwa na kufidiwa bei ya soko ya siku ya ajali. Na kuna lile la Probox zilizokatiwa bima ya gari la binafsi huku zikibeba abiria kati ya Kimilili na Kamukuywa. Hapo hakuna mjadala wa raitofu wala matengenezo. Dai linakataliwa mlangoni.

Raitofu ikishaamuliwa, benki au Sacco iliyokopesha, kama jina lake limo kwenye logibuku, hulipwa kwanza, kinachobaki ni cha mwalimu. Lakini anaweza pia kuomba abaki na gari. Kampuni itatoa Sh450,000 za mabaki kwenye malipo yake, na atapata Sh600,000 kutoa eksesi, pamoja na Fielder iliyopondeka. Kwa wenye fundi wa kuaminika njia hii huvutia, na mara nyingine ina mantiki. Naiogopa kwa gari lililogonga kama hili. Bodi inaweza kunyooshwa ikapendeza macho, lakini nguzo ya paa iliyopinda ikirudishwa kwa moto na nyundo haina tena nguvu iliyokuwa nayo. Nimeona dashibodi zilizoshonwa vizuri bila mfuko wa hewa ndani yake, na taa ya onyo imeondolewa ili isimsumbue mnunuzi.

Mnunuzi huyo hana pa kulijua hilo. Uingereza, tangu Oktoba 2017, huyapanga magari yaliyoandikwa raitofu kwa herufi: A na B hayarudi barabarani, S yameumia mifupa, N hayakuumia mifupa, na rekodi hiyo hulifuata gari. Logibuku ya Kenya ina jina la mwenye gari, namba ya injini na ya chasisi. Historia ya ajali haimo. Kampuni za bima zina orodha ya kila gari zilizolilipia kama raitofu, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, ina kila namba ya chasisi, na kuunganisha orodha hizo mbili ni kazi ya kompyuta na nia. Kutofanya hivyo ni kuwauzia watu wa Bungoma na Trans Nzoia hatari waliyoificha wengine.

Kwa aliye na gari gerejini sasa hivi, ombi la kupeleka kwa kampuni ni moja na liandikwe: nakala ya ripoti ya mtathmini, ikionyesha thamani kabla ya ajali, gharama ya matengenezo pamoja na kodi, na bei ya juu kabisa iliyotolewa kwa mabaki. Thamani ikionekana ndogo, unaweza kumwajiri mtathmini wako mwenyewe aliyeandikishwa, na ripoti mbili zikawekwa mezani. Mazungumzo ya aina hiyo huongeza malipo kuliko kelele za ofisini. Kampuni ikikataa kutoa tarakimu, malalamiko hupelekwa IRA. Na IRA yenyewe ingefanya vyema kuagiza kwamba bei ya mabaki iandikwe kwenye barua ya kwanza anayopokea mwenye gari, kabla hajatia sahihi ya kukubali malipo.