Hina Haitaki Pupa

Tanzia yake ilisomwa msikitini baada ya swala ya alfajiri. Mke wa marehemu fulani, mama wa fulani na fulani, bibi wa fulani. Atazikwa baada ya adhuhuri. Hapakukosewa neno. Ila niliposikia sauti ile ikiingia dirishani, pale Kibokoni, nilitupa jicho ukumbini kwenye kinu chake cha hina, nikaona tangazo limemwacha nje mtu mmoja.

Bibi alikuwa mpaka hina. Kwa zaidi ya miaka hamsini, mabibi harusi wa Mji wa Kale wa Mombasa, toka Mkanyageni hadi Kuze, walimkabidhi mikono yao. Babu alikuwa kuli bandarini Kilindini, mtu mwema, lakini akiulizwa na wageni alijibu kwamba mkewe hafanyi kazi, yuko nyumbani tu. Siku moja bibi alikwenda kujaza fomu katika ofisi fulani, karani akaandika "mama wa nyumbani" kabla yeye hajafungua kinywa. Kweli alikuwa nyumbani. Fundo la leso yake nalo lilikuwa nyumbani, na ndilo lililolipa karo ya watoto sita kila meli zilipoadimika.

Watu hudhani ufundi wa hina ni kuchora. Yeye alianzia kwenye jani. Alipenda majani ya Lamu. Aliyakausha kivulini, maana jua kali huchoma rangi, akayatwanga, akayachekecha kwa kipande cha mtandio mkuukuu, mara tatu, mpaka unga ukawa laini kama poda ya mtoto. Chembe moja ya kijiti ikibaki huziba mdomo wa koni, na maua yote yakaharibika. Halafu ndimu, chai ya rangi nzito iliyopoa, na matone ya mafuta ya mkaratusi. Akikoroga hakupaka papo hapo. Alifunika bakuli, akaiacha ilale.

Wanakemia wana maelezo yao: ndani ya jani mna rangi iitwayo losoni, ukali wa ndimu huitoa polepole, nayo ikishatoka hushikana na protini ya ngozi na ya kucha. Bibi hakuwahi kulisikia neno hilo. Alichovya kidole gumba, akavuta uradi wake kwa tasbihi, akapangusa, akatazama. Doa la chungwa likishika, alisema imeiva. Ikiwa bado, hata gari la kina bwana harusi lipige honi mpaka betri iishe, hakuinuka. "Hina haitaki pupa, mwanangu."

Alipoanza hapakuwa na koni. Alichora kwa njiti ya ukuti, na mitindo ilikuwa michache: kiganja kujazwa, ncha za vidole kuchovywa, unyayo kuzungushiwa mstari. Baadaye alijifunza maua ya Kihindi kwa majirani, yale ya korosho kama za kwenye leso, na mizabibu inayopanda mpaka kwenye kiwiko. Wivu wa ujuzi hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni ubishi, na ubishi wake mkubwa ulikuwa juu ya piko.

Piko ni nyeusi tititi, hukauka haraka, na wasichana wanaipenda kwa jinsi inavyoonekana kwenye picha. Nyingi ni rangi ya nywele tu, iliyotiwa kemikali ifupishwayo PPD, ambayo kwa wengine huivimbisha ngozi ikafanya malengelenge, na aliyedhurika mara moja anaweza kudhurika kila aigusapo tena. Bibi aliikataa hata kabla hajasikia hayo. Hoja yake ilikuwa nyingine kabisa: kitu kisichobadilika rangi hakina uhai. Hina huanza chungwa, na kesho yake au keshokutwa ikaiva kahawia, na bibi harusi huamka akaikuta si ile aliyolala nayo. Wateja walimkimbia kwa sababu ya msimamo huo, na mimi, nikiwa na miaka kumi na saba, nilimwona mshamba.

Kupaka hina ni kushika mkono wa mtu kwa saa tatu au nne, na mkono hausemi uongo. Aliujua ulio baridi kwa haya na ulio baridi kwa hofu. Kuna usiku mmoja, katika nyumba nisiyoitaja, msichana alikunja ngumi, akawa hataki kuikunjua. Mashangazi wakacheka, wakapiga vigelegele kumtia moyo. Bibi aliweka bakuli chini, akawatoa wote, mimi nikiwa miongoni mwao, akafunga mlango. Walipofungua, hina ilikuwa imekauka bakulini. Akakoroga nyingine. Nilipomuuliza njiani walizungumza nini, alinijibu kwamba njia ina matope, nitazame ninapokanyaga.

Mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa, Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, wakieleza maisha yao kwa vinywa vyao wenyewe. Mwaka 1991 kikatoka kitabu cha masimulizi hayo kwa Kiswahili. Nakiheshimu sana. Nilipokisoma nilitamani kuchukua kinasa sauti nimkalishe bibi naye, nikajaribu. Alisema yeye hana hadithi, akaendelea kutwanga. Kanda ile ninayo: dakika arubaini za mchi.

Babu alipofariki, bibi alikaa eda, miezi minne na siku kumi. Mjane aliye edani hajipambi: hatii hina, hatii wanja, hajifukizi udi. Na huwezi kumpaka mwenzio hina bila nawe kushika rangi vidoleni. Basi alikaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, akaniamrisha mimi. Bibi harusi wangu wa kwanza nilimpaka hivyo, kwa mkono wangu na kwa mdomo wake. Wiki zilivyokwenda vidole vyake vilififia, na kufikia mwezi wa tatu niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona maishani: rangi ya mikono ya bibi yangu ilivyo. Aliificha ndani ya leso kama mtu aliyevuliwa nguo.

Eda ilipokwisha alianza upya, na hakuacha mpaka magoti yalipomzuia.

Ngozi huachia hina kwa muda wa wiki mbili hivi. Ukucha hauachii, ni lazima umee mpaka uishe, na humea kama milimita tatu kwa mwezi. Tulipomvua tumwoshe, ncha za kucha zake zilikuwa bado nyekundu, utepe mwembamba tu, hina ya Idi iliyopita aliyojipaka mwenyewe. Mmoja wa waoshaji, binti mgeni, alichukua kitambaa akaanza kusugua.

Nikamshika mkono, nikamwambia hiyo haitoki.