Hongera, walimu wa ngoma

Kikundi cha Taifa cha Ngoma, kilichoundwa miaka ya 1960, kilicheza sindimba ya Wamakonde, bugobogobo ya Wasukuma na ngoma nyingine nyingi mbele ya wageni wa taifa. Kilipovunjwa, baadhi ya wachezaji wake hawakurudi nyumbani kukaa. Walihamia Bagamoyo, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikaanza, wao wakiwa miongoni mwa walimu. Leo tunakiita TaSUBa. Hukwe Zawose, bingwa wa ala za zeze na ilimba kutoka Ugogoni, ni mmoja wa waliokipatia sifa.

Nawapongeza walimu hao kwa moyo wote, maana kucheza na kufundisha ni kazi mbili. Jukwaani mwili unakwenda wenyewe. Darasani lazima uukatize: ngoma inyamaze, uwape wanafunzi mgongo ili mguu wako wa kulia uwe wa kulia kwao pia, hatua moja irudiwe polepole hadi magoti yalegee, ndipo kiuno kifuate. Mpiga ngoma anaingia mwisho. Aliyezoea vigelegele anakubali mwingine ndiye ashangiliwe, na hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Huku Igawa na Mbarali yote wapo wachezaji wa vikundi vya harusi na sherehe wanaofundisha watoto jioni, bila malipo. Hongereni nanyi. Halmashauri iwatafutie nafasi za kozi fupi Bagamoyo, na shule ziwape uwanja na ngoma zenye ngozi nzima.