Jina la Amu na Mizani ya Shairi
Tangu Kiunguja kilipoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, baadhi ya wahariri wamezisanifisha pia tungo za kaskazini. Abadilishaye “mato” kuwa “macho” mwishoni mwa kipande huumbuliwa na vina, kwani -to haipatani na -cho. Jina la mji, hata hivyo, halina mlinzi. Wenyeji hutamka Amu. Ramani huandika Lamu. Yote mawili yana mizani mbili na kina -mu, hivyo arudhi haifichui lolote. (Ajabu ni kwamba wahariri hao hao huandika “Kiamu” bila kusita.) Mhakiki akutaye “Lamu” katika utenzi wa Kiamu hana budi kuurejelea muswada wa hati za Kiarabu, aitazame herufi ya kwanza.