Saa Nane juu ya Manga

Kiongozi wa msafara uliopanda safu ya Manga mwezi uliopita alikosea, na kurejea salama kwa watu wote mjini Kisii jioni ile hakuipunguzi hukumu hiyo hata chembe. Njia aliichagua vyema na mwendo wa asubuhi ulikuwa wa kiasi. Katika hayo nampa haki yake.

Waliokuwapo wanakumbuka jinsi wingu lilivyokwisha kusimama upande wa ziwa tangu saa saba, na kwamba ngurumo ya kwanza ilisikika, yapata saa nane, nao wangali chini ya uti wa mlima, mahali ambapo kugeuka kungewagharimu dakika chache tu na fahari kidogo. Hapo, badala ya kuwateremsha kwa mteremko wa nyuma, wenye mashamba na nyumba za watu ambao wasingekataa kuwapokea wageni walioloa, akawapandisha hadi ukingo wa genge ili wautazame mji na kupiga picha. Na mvua ya mawe ilipowashukia akawakusanya wote, wakabanana bega kwa bega, chini ya mikaratusi iliyosimama pale juu peke yake.

Wanaomtetea husema ngurumo ilikuwa mbali. Sauti huenda takriban mita 340 kwa sekunde, yaani kila sekunde tatu baina ya umeme na ngurumo ni kilomita moja. Basi hata aliyehesabu sekunde thelathini amepata kilomita kumi tu, masafa ambayo radi ya wingu lilo hilo yaweza kuyavuka bila ya onyo lolote. Na hii ni nchi ya Gusii, ambako alasiri upepo wa Ziwa Viktoria hupanda milimani ukakutana na upepo wa mashariki, mawingu yakarundikana, na radi imekwisha kuua watu shambani na watoto shuleni. Mti mrefu ulio peke yake ukingoni ndio wa kwanza kupigwa, na mkondo wa umeme hutambaa ardhini kutoka shinani, hata waliokusanyika hapo wakapatwa kwa pamoja. Aliyekosa nyumba huuacha uti wa mlima upesi, huwatawanya watu wake, huwachutamisha miguu ikiwa pamoja, tena mbali na mti na mbali na mdomo wa pango. Kiongozi wetu alitenda kinyume cha kila moja ya haya.

Mikaratusi ile nimeilalamikia miaka mingi kwa jinsi inavyozikausha chemchemi za wakulima walio chini, wala sikupata msikilizaji. Leo naongeza kwamba huwapa wageni dhana ya uongo ya kuwa na pa kujificha.

Asili ya kosa, kwa maoni yangu, ni dharau. Mlima usio na theluji huhesabiwa kuwa matembezi, na saa ya kugeuka, ambayo hakuna athubutuye kuisahau akiwa Mlima Kenya, haipangwi kabisa. Hata waliokuwa wa kwanza kufika kileleni mwa mlima huo, Halford Mackinder na waongozaji wake, César Ollier na Joseph Brocherel, walikuwa wamekwisha kurudishwa nao kabla hawajafika kilele chake cha juu, Batian, adhuhuri ya tarehe 13 Septemba 1899. Na baada ya taabu yote hiyo hawakukaa kileleni ila dakika kama arubaini, wakateremka. Watu waliosafiri kwa miguu kutoka Nairobi waliweza kuuacha upeo wa tamaa yao kwa kuchelea saa, ilhali huyu wetu, aliyekuja asubuhi kwa matatu na ambaye angeweza kurudi Jumamosi ya pili yake, hakuweza kuiacha picha.

Nasikia msafara ujao ni wa kilele cha Kiabonyoru, upande wa Nyamira, chini ya kiongozi yuyo huyo. Kilele hicho nacho ki wazi kwa upepo na radi. Waondoke alfajiri, saa tano wawe wameanza kuteremka, na saa hiyo ya kugeuka itangazwe mbele ya wote kabla hawajaondoka, ili aliye mdogo kuliko wote msafarani awe na haki ya kumkumbusha kiongozi.