Wanaume hawaongei? Waulize polisi

Kila Novemba ikifika, simu yako hujaa mabango ya aina moja: mwanaume kainamisha kichwa, chini yake maneno "Mwanaume, ongea. Usife na tai shingoni." Nia ni njema na sina ugomvi nayo. Ninachotaka kukikosoa ni dhana iliyojificha nyuma ya bango, kwamba tatizo lote limekaa mdomoni mwa mwanaume. Akiufungua tu, yameisha.

Tuanze na hesabu mbili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 727,000 walikufa kwa kujiua mwaka 2021, na kwamba kiwango cha vifo hivyo kwa wanaume ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Lakini tafiti zikipima sonona, wanawake ndio wanaoonekana kuwa nayo zaidi. Hesabu hizi hazikai vizuri pamoja, si ndiyo? Jibu la haraka ni lile la bango: wanaume wanaficha. Wapo wanaoficha kweli, maana mtoto wa kiume anaanza kuambiwa "jikaze" kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ila kuna swali ambalo bango haliulizi: je, kipimo chenyewe kinamwona mwanaume?

Kipimo kinachotumika sana ni dodoso la PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001. Kama umewahi kusaidia kukusanya data za afya ya akili, bila shaka umelishika, maana hata kwa Kiswahili lipo. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: huzuni, kukosa hamu ya mambo, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona huna maana, kushindwa kutulia kwenye jambo, kuwa mzito au kuhangaika, na mawazo ya kufa. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na ukifika 10 unatazamwa kwa makini. Sasa tafuta humo swali la hasira. Halipo. Pombe? Haipo. Kuendesha bodaboda kama mtu asiyejali kama atafika? Hakuna.

Mwaka 2013 Lisa Martin na wenzake walichapisha uchambuzi katika jarida la JAMA Psychiatry, wakitumia data za utafiti wa kitaifa wa Marekani. Waliongeza dalili kama hasira, ulevi na kujihatarisha kwenye zile za kawaida, kisha wakahesabu upya. Pengo likafutika: wanaume asilimia 30.6, wanawake 33.3.

Hapo wengi hushangilia. Mimi nasita. Theluthi ya watu wazima wana sonona? Wavu wenye matundu madogo hivyo huvua na majani. Halafu, ukiamua mapema kwamba ulevi ni dalili ya sonona, usishangae ukikuta sonona kila penye baa. Na hasira ya mwanaume ina mtu inayemwangukia. Mke anayepigwa hatapona kwa kuelezwa kuwa mumewe ana dalili. Kwa hiyo utafiti ule nauchukua kama onyo kuhusu kipimo, siyo kama kipimo kipya.

Ushahidi unaonishawishi zaidi ni wa zamani kidogo, na unatoka kisiwani. Gotland, Sweden, miaka ya 1983 na 1984, madaktari wa kawaida wa kisiwa kile walifundishwa kutambua na kutibu sonona. Kazi ikazaa matunda: vifo vya kujiua vilipungua sana. Lakini Wolfgang Rutz na wenzake walipotenganisha takwimu kwa jinsia, waligundua kuwa waliookolewa walikuwa hasa wanawake. Kwa wanaume karibu hakuna kilichobadilika. Wengi wa wanaume waliokufa hawakuwa wakijulikana kwa madaktari. Walijulikana kwa polisi na kwa maofisa wa ustawi wa jamii.

Soma tena hapo. Watu wale walikuwa wameshajulisha kuwa mambo si sawa. Walijulisha kwa ugomvi na kwa pombe, mbele ya watu ambao hakuna aliyewafundisha wasikilize nini.

Hata mradi ninaoupenda kuliko yote, Friendship Bench wa Zimbabwe, umeonja jambo hili. Unajua habari zake: mabibi wa mtaani wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wanaongea naye hadi tatizo linapata njia. Jaribio lake lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha nafuu ya wazi. Washiriki walikuwa 573, na kati yao wanawake walikuwa 495. Benchi lilikuwa pale pale, mazungumzo yalikuwa pale pale, ila mlango wa kuingilia ulikuwa kliniki, na kliniki wanaume hatufiki mpaka tubebwe.

Na kwetu tunafika wapi? Kenya, mtu aliyejaribu kujiua aliweza kushtakiwa na kufungwa hadi miaka miwili, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, urithi wa mkoloni, nayo imeliandika jaribio hilo kuwa kosa. Yaani bango linamwambia mwanaume aongee, na sheria inamwandalia maelezo ya onyo.

Polisi wetu wana Dawati la Jinsia na Watoto, na limewasaidia wengi. Mwanaume akiingia pale, mara nyingi anaingia kama mtuhumiwa, na kama amemuumiza mtu lazima ajibu. Ila ofisa anayeandika maelezo yake ana karamu mkononi na fomu mezani, na kuuliza maswali mawili zaidi kungemchukua dakika tano: unalalaje siku hizi, na umewahi kufikiria kufa? Anamaliza, anapiga muhuri, jamaa anatoka kwa dhamana.