Akiba ya Pindo

Bomba lenyewe ukilitia mfukoni pamoja na sarafu, utalisahau humo. Kipenyo chake hakifiki milimita 2, na ukuta wake ni mwembamba kama karatasi ya daftari. Ni mchanganyiko wa kobalti na kromi, halina tundu ila la kuingilia na la kutokea. Hilo ndilo linalokuja kuwa stenti: wavu mdogo ambao daktari huupitisha mkononi au kwenye kinena ukiwa umebanwa juu ya puto, akaufikisha kwenye mshipa wa moyo ulioziba, akalijaza puto, kisha akalitoa, wavu ukabaki umeishikilia njia. Kazi hiyo hufanyika hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na huenda unaye mjomba anayetembea na chuma hicho kifuani. Madaktari wanaokiweka wana sifa zao tayari. Mimi nawataka waliokikata.

Stenti za kwanza kuwekwa ndani ya mishipa ya moyo ya binadamu, mwaka 1986, kwa mikono ya Jacques Puel huko Toulouse na Ulrich Sigwart huko Lausanne, zilikuwa waya uliosukwa. Julio Palmaz, daktari mzaliwa wa Argentina, aliwaza njia nyingine. Inasimuliwa kuwa jibu alilipata katika kipande cha wavu wa kupigia lipu alichokiacha fundi gerejini kwake, bati lililochanjwa mistari, ukilivuta linafunguka. Kwa njia hiyo husuki tena, unaondoa.

Siku hizi anayeondoa ni leza. Nayo haitembei: hukaa palepale, bomba ndilo linalozunguka na kusogea chini yake, kama mti kwenye kerezo. Mkato wake una upana wa maikroni 20 hivi, unywele hauingii. Leza za kawaida huyeyusha chuma, na hewa inayopulizwa kwa nguvu hukisukuma kilichoyeyuka kitoke. Ndani ya bomba hupitishwa maji, mwale usije ukatoboa upande huu ukauchoma na wa pili. Zile za femtosekunde hupiga kwa muda mfupi mno, chuma kikawa mvuke kabla joto halijapata nafasi ya kusambaa. Ni ajabu, sikatai. Lakini leza ndiyo inayopigwa picha, na kwangu mimi ufundi unaanzia pale inapozimwa.

Itazame stenti iliyotoka kwenye leza ya kuyeyusha, chini ya hadubini. Kingo zake ni kali, zimeota vinundu vya chuma kilichoganda, kile ambacho wahunzi hukiita mavi ya chuma, na pembeni mwa mikato kuna utando uliobabuka kwa joto. Nyuzi zake pia ni nene kuliko zilivyokusudiwa. Hilo la mwisho si kosa. Mshonaji hakati kitambaa kwa kipimo cha mwili. Huacha akiba ya pindo. Mkata stenti naye huacha akiba, maana anajua mwenzake wa chumba cha pili atakula kiasi gani.

Huyo mwenzake huanza na asidi, mpaka mavi ya chuma yaachie. Kisha huja kung'arisha. Hakuna msasa wala kitambaa kinachoweza kuingia kati ya nyuzi hizo. Stenti huning'inizwa kwa waya ndani ya beseni la asidi na kuunganishwa na upande chanya wa umeme. Chuma huanza kuyeyuka, kidogo kidogo. Siri iko hapa: utando mzito hutanda juu yake, mnene mabondeni, mwembamba vileleni, kwa hiyo vilele ndivyo vinavyoliwa haraka. Kila kinundu hujimaliza chenyewe. Ukikatisha mapema, mikwaruzo hubaki. Ukichelewa, nyuzi hukonda kupita kipimo na mshipa hauna wa kuubeba. Na kila stenti huacha chuma chake humo, beseni likazeeka, muda uliofaa jana usifae leo. Ndiyo maana fundi hupima uzito kabla na baada.

Na pale waya uliposhika? Hapo asidi haifiki, pakabaki alama. Fundi huitoa stenti, akaishika mahali pengine, akaizamisha tena. Nakipenda sana kitendo hicho kidogo.

Ung'avu huo si wa urembo. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na stenti hujaribiwa maabara kwa mapigo karibu milioni 400, yaani miaka 10 hivi. Ufa huanzia kwenye mkwaruzo.

Stenti nyingine ni za nitinoli, ule mchanganyiko wa nikeli na titani unaokumbuka umbo lake; hizo hupashwa hadi nyuzi joto 500 hivi zikiwa zimevalishwa kwenye kalibu, na zinaweza kutoka na rangi ya dhahabu au samawati kama shingo ya njiwa. Inapendeza, na kwa kawaida huondolewa. Wala hainishangazi kwamba kazi ya nitinoli imeota mizizi Pforzheim, mji wa Ujerumani uliolea masonara na mafundi saa tangu 1767. Sonara hahitaji kufundishwa kuogopa mkwaruzo.

Mwisho ni mkaguzi. Huizungusha stenti taratibu chini ya hadubini, uzi kwa uzi, akitazama zaidi kwenye mikunjo, kwa sababu hapo ndipo chuma hupinda puto linapojaa. Akikuta kishimo kimoja tu kwenye mkunjo, basi. Huiokota kwa kibanio na kuitia kwenye kopo la chakavu, inang'aa sawasawa na zile zilizopita.