Msitu Ulioharibika Bila Mharibifu: Sarufi ya Mawaidha ya Misitu

Lugha inayotumiwa kuwaeleza wananchi kudhoofika kwa misitu imelaumiwa mara nyingi kwa istilahi zake. Lawama hiyo ina msingi. "Tabianchi" ni wastani wa hali ya hewa kwa muda mrefu, aghalabu miaka 30. Lakini kwa mkulima wa Myanga, katika kaunti ya Bungoma, "tabia" ni mwenendo wa mtu, na anayeambiwa kuwa tabia imebadilika hutazamia kuonywa. Hata hivyo, kasoro kubwa zaidi imo katika vitenzi.

Na yatazamwe mawaidha ya kawaida: misitu imeharibika, mvua zimebadilika, mito imekauka, basi panda mti. Vitenzi vitatu vya mwanzo havina mtenda. Kauli ya kutendeka, kama ilivyo katika "haribika", hutaja hali iliyofikiwa na kumwacha nje aliyeisababisha. Kisha huja amri, nayo humwelekea mwanakijiji peke yake. Hivyo kosa halina mwenyewe, bali fidia ina mlipaji.

Lakini watenda wapo. Joto la dunia limeongezwa hasa na makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa kwa wingi katika nchi zenye viwanda. Hapa nyumbani, Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuiondoa marufuku hiyo, huku wananchi wakihimizwa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Kukata na kutokata ni maamuzi, na kila uamuzi una mwenyewe.

Huenda ikadaiwa kwamba tangazo fupi halina nafasi ya kutaja wahusika. Mfano wa Wangari Maathai wapinga dai hilo. Alipoanzisha Ukanda wa Kijani mwaka 1977, aliuhusisha mti na kuni na maji ambayo wanawake waliyahitaji. Na katika mapambano ya msitu wa Karura mwaka 1999, hakusema kwamba msitu unapungua, bali alidai wajulikane waliogawiwa ardhi yake.

Mkulima anayeishi chini ya Mlima Elgon haihitaji amri pekee. Anastahili sentensi kamili: yenye kitenzi, yambwa, na mtenda wake.